Sawasawa ya Binti wa Mwalimu

"Mwalimu, umewafundisha watoto wa mtaa mzima, mbona mjukuu wako hatumwoni hapa kwako?"

Aliyeuliza ni jirani yake, fundi cherehani, na hakuuliza kwa ubaya. Asubuhi ile alikuwa amempima mjukuu huyo sare ya shule, mtoto wa miaka mitano mwenye maneno kama chiriku, na kwao ni mitaa miwili tu kutoka pale. Mwalimu alijibu kwamba mtoto ana mafua. Fundi akasema pole, ingawa alikuwa amemwona mzima wa afya, hata kamasi hana.

Miaka ishirini na minane mwalimu alishika darasa la watoto wadogo. Mezani pake palikuwa na nyota za karatasi na rula ya mbao. Ukipatia, nyota kwenye paji la uso. Ukikosea, rula kwenye vidole. Watoto walimwita Mama Nyota, na akigeukia ubao, Mama Rula. Darasa lilitulia kama maji ya mtungini, mpaka mwalimu mkuu akawa analeta wageni waje walione.

Mwaka binti yake mwenyewe alipoingia darasani, alijiambia watu wasije wakasema anapendelea wake. Basi nyota ya binti ilikuja kwa shida na rula ikaja mara mbili. Katika somo la vipimo alichukua vikombe viwili vya maji vilivyolingana, akamimina kimoja kwenye chupa nyembamba, akauliza wapi kuna maji mengi. Binti akasema kwenye chupa. Rula. Kesho yake akaulizwa tena, akajibu kwenye chupa, maana yamefika juu. Rula. Siku ya tatu mtoto hakutazama chupa wala kikombe. Alitazama mkono wa mama yake, akasema, "Sawasawa." Akabandikwa nyota. Mama akarudi nyumbani akimshukuru Mungu: mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na yeye hakumchelea.

Alipokaribia kustaafu aliitwa semina ya siku mbili. Mkufunzi, kijana wa rika la binti yake, akamimina maji vilevile mbele yao. Akaeleza kwamba mtoto wa umri ule huamini jicho lake. Akili bado haijaweza kushika kimo na upana kwa pamoja, na itafika yenyewe akiachwa achezee maji. Nyota na fimbo, alisema, humfundisha jibu, lakini hazimfundishi maji. Walimu walicheka, mmoja akauliza kama semina ina chai. Chai ilipokuja, Mama Nyota hakuigusa.

Maana alikwishaliona lile "sawasawa" likikua. Binti alimwitikia hivyo mume aliyemkataza kwenda kwenye kozi ya ushoni, akamwitikia hivyo msimamizi wa kiwanda aliyemwongezea zamu akiwa mjamzito. Watu wakasifu, binti wa mwalimu ana adabu.

Semina ilipokwisha, mwalimu akamfuata binti kwake, akamkuta akiosha vyombo. Akamweleza yote, chupa, kikombe na mkufunzi. Akaomba radhi, akaomba mjukuu aje kwake siku za Jumamosi. Binti hakuinua uso. Macho yake yalikuwa kwenye mkono wa mama, nao haukuwa na kitu.

"Sawasawa, mama," alisema.

Jumamosi saba zimepita. Kila moja, mwalimu hujaza beseni uani, akapanga vikopo pembeni, na alasiri akayamwaga maji mwenyewe. Amelia, Mungu anajua alivyolia. Methali haikumwambia kwamba hata asiyemchelea mwana hulia.

Sare ilipokamilika, fundi alipita kwake akiwa njiani kuipeleka. Safari hii mwalimu hakutaja mafua. Alimshika mkono, akamwambia:

"Mwambie binti yangu, kama hataki nimwone mtoto, asiniitikie. Aje aniambie 'sitaki' kwa mdomo wake."