Mifuko Saba Kwenye Kamba

Ndugu zangu, uchovu utaniua, lakini aibu imetangulia. Juzi nilitoka zamu mbili mfululizo kwenye makao ya wazee, miguu imevimba, kaseti ya kwaya ndiyo iliyonizuia nisisinzie njiani. Kufika mtaani kwetu New Hope, huku Marekani, naona mifuko ya majani makavu mbele ya nyumba za watu. Mimi, binti wa mkulima, niache mbolea ichukuliwe na lori la taka? Nikaipakia garini. Saba ilikuwa ya rangi ya machungwa, imechorwa macho na meno. Nikaguna: Wamarekani hawa, hata taka wanaipamba!

Majani nikayamwaga kwenye lundo la mboji nyuma ya nyumba. Ile saba, mifuko mizuri vile, ningeitupaje? Nikaifua, nikaianika.

Asubuhi jirani yangu, Bi Carol, akanifuata uani amenuna.

“Kuna mtu ameiba mapambo yetu ya sikukuu ya Halowini mtaa mzima. Hujaona mtu?”

“Sijaona, mama. Wezi wamezidi.”

Alikuwa akitazama juu ya kichwa changu, ambako nyuso saba zilining'inia kambani, safi kabisa, zikinicheka.