Feni Aliyonichagulia Mtu wa Buti Moja

Usipoamini, panda pikipiki uje Kasongo. Uliza studio ya video iliyo nyuma ya soko, kwenye ua wa nyumba yetu, na ukifika usiniulize neno, wewe sikiliza tu. Utasikia feni ndogo ikinguruma kwenye kona, na huo ndio ushahidi wangu. Mimi si mtu wa mambo ya mizimu. Shangazi yangu akianza visa vyake, huwa naondoka kwenda kuosha vyombo. Lakini hiki kimenipata mwenyewe, tena mchana kweupe, kwa hiyo niache niseme.

Kazi yangu ni kutengeneza video za harusi na matanga. Kompyuta yangu ni kubwa, ilitoka Bukavu ikiwa imetumika, na hupozwa kwa maji: maji huzunguka mpaka kwenye rejeta, kama ya gari ila ndogo, na feni hupuliza hewa katikati ya vibati vyake vilivyosongamana. Feni yake ya kwanza ilikufa kwa vumbi. Nikaagiza nyingine, nikachagua kwa macho kama mtu anayechagua kitenge: kubwa, mabawa mapana, taa za rangi. Ukiishika mkononi inapeperusha karatasi zote mezani. Nikaifunga, kompyuta ikachemka na kujizima. Nikajaribu nyingine na nyingine, mambo yakawa yale yale.

Siku ya kisa hiki nilikuwa na hasira, na juu ya hasira, wasiwasi. Mdogo wangu Amisi, anayeniita yaya, yaani dada mkubwa, na niliyemlea tangu mama alipofariki, alikuwa anachimba dhahabu Salamabila, na simu yake ilikuwa haipatikani. Mashimo ya kule yanakwenda chini sana. Hewa hupelekwa kwa mashine inayoisukuma ndani ya bomba la plastiki, na mashine ikizima, aliye chini hana la kufanya. Simu yake ikikosekana, mimi hata chakula hakipiti.

Mawingu ya mvua yalikuwa yametanda wakati mtu mmoja alipoingia bila hodi. Mzee kiasi, udongo mwekundu mpaka kwenye kope, na mguuni buti moja la mpira, la kijani. Mguu wa pili mtupu. Nikasema moyoni, huyu naye katoroka wapi? Lakini mgeni ni mgeni, nikamkaribisha.

"Mama, iko ventilateri ngapi apa?" akauliza, akinyoosha kidole kwenye feni zilizokuwa mezani.

"Iko ine, papa," nikamjibu kwa heshima ya mzee. "Zinanishinda."

"Washa zote."

Nikaziunganisha kwenye betri. Akachukua kitenge changu kilichokuwa juu ya kiti, akakikunja, akakiweka mbele ya kila feni na kutega kiganja upande wa pili. Ile kubwa ya taa, upepo wake uligonga kitambaa ukatokea pembeni. Lakini katika zile nne kulikuwa na moja nyeusi, nene, ya mabawa mengi, ambayo nilikuwa nimeidharau hata sijaifunga. Hiyo ilisukuma kitenge mpaka kikatuna.

"Ile kubwa inapuliza muzuri mu wazi," akasema. "Mu fasi ya kufinyana, kama mu rejeta, inashindwa. Usiangalie upepo, mama. Angalia nguvu ya kusukuma. Hata kule chini iko vile."

Chini wapi? Sikuuliza. Akanionyesha jinsi ya kuziba pembeni kwa vipande vya sponji ili hewa isitoroke kabla ya kupita kwenye rejeta. Nikaona rejeta yenyewe imejaa vumbi, nikampa nikamwambia aipulize kwanza. Akaitazama, akanirudishia.

"Puliza weye. Miye sina."

Hapo ndipo nilipotazama kifua chake. Umewahi kumtazama mtu aliyesimama mbele yako bila kupumua? Kifua kilikuwa kimetulia kama ukuta. Niliogopa, niamini. Nikapuliza vumbi mwenyewe, kwa sababu sikujua lingine la kufanya.

Tukaifunga ile nyeusi. Kompyuta ikapoa, ikatulia kabisa. Alipofika mlangoni akageuka.

"Usiizime, mama. Kuko watu chini."

Akaondoka. Mvua ilikuwa bado haijadondoka, lakini sakafuni aliacha tope jekundu, bichi. Halafu radi zikaanza. Radi ikipiga mimi huzima kila kitu, na hakuna mwenye kompyuta hapa Kasongo asiyefanya hivyo. Mkono wangu ulifika kwenye swichi, ukarudi wenyewe.

Kesho yake Amisi akapiga simu. Mvua ile ile ilikuwa imeporomosha udongo, mdomo wa shimo ukazibwa, mashine ikafa, naye na wenzake walikuwa chini. Walifukuliwa asubuhi.

"Yaya, bomba ilikuwa imekufa," akaniambia, "lakini hewa ilikuja. Ilikuwa inanuka sawa kitenge yako."

Nikalia. Akaendelea kusema kwamba gizani kulikuwa na mzee amekaa nao, anawaambia wapumue polepole. Wachimbaji wote wanamjua. Shimo lile lilimmeza zamani, hakutolewa kamwe. Lilipatikana buti lake moja tu, la kijani, na mpaka leo limetundikwa juu ya shimo. Mimi nilikuwa sijamwambia Amisi habari ya buti lolote.

Sikuizima feni mpaka aliporudi nyumbani kwa pikipiki, kupitia Kabambare. Nikampikia sombe, yale majani ya muhogo, na bugali, nikaenda studio kwa furaha kuizima nipanguse vumbi. Ilipozimika tu, nikasikia sahani inaanguka. Nilimkuta uani macho yamemtoka, midomo imekuwa ya majivu. Nilidhani amepaliwa, nikampiga mgongoni. Akanyoosha kidole kuelekea studio. Nikakimbia, nikaiwasha, naye akavuta pumzi.

Tangu hapo haijasimama. Nina paneli za jua, betri ya akiba, na jenereta kando. Amisi hachimbi tena, wala hacheki. Akilala, mimi nasikiliza feni. Nikilala, anasikiliza yeye.

Sasa feni imeanza kulia. Inakwaruza, kama kitu kinasagika ndani. Nimeidondoshea mafuta ya cherehani ikiwa inazunguka, ikanyamaza kidogo, ikaanza tena. Nimetafuta feni nyingine, nimezijaribu kwa kitenge, na nilipopata yenye nguvu nikaifunga upande wa pili wa rejeta, zikazunguka zote pamoja. Kisha nikaigusa ile nyeusi kwa kidole, kidogo tu, ipunguze mwendo. Uani Amisi akapiga magoti. Haitaki msaidizi, na kuibadilisha lazima kwanza isimame.

Jana wakati wa kula ilikwaruza kwa nguvu. Amisi akaliweka tonge chini, akanitazama.

Basi wewe unayesoma, ukinunua feni ya rejeta, ijaribu mwenyewe kwa kitambaa, usidanganywe na taa. Lakini mgeni akikuchagulia, mtazame kifua kabla hujamshukuru. Na akikuambia usiizime, mshike mkono hata kama unaogopa, umuulize: mpaka lini? Mimi sikuuliza.