Rejeta ya Gordon

Nigel Sugden alikuwa fundi wa maboila ya gesi, mashine za kupasha nyumba joto, kwa miaka thelathini na minne, na mjini Heckmondwike, kaskazini mwa Uingereza, hakuna mtu aliyeisikia habari hiyo chini ya mara tano, maana aliisimulia mwenyewe. Aliisimulia baa, akaisimulia kwa kinyozi, na safari moja aliisimulia mazishini, tena akiwa miongoni mwa wabeba jeneza. Alikuwa na masharubu manene, magoti yaliyochakaa kwa kupigwa chini ya masinki ya watu, na mazoea ya kuongea na mashine kwa sauti ya daktari anayembembeleza mgonjwa. Kila boila lina tabia yake, alisema, na halijaundwa la kumshinda yeye.

Basi ndipo likaja boila la Bi Beryl Hirst.

Bi Beryl alikuwa mjane wa miaka sabini na minane, mdogo wa umbo, msafi kupita kiasi. Ubaya ni kwamba boila lake alilifunga Nigel mwenyewe, mwezi wa kumi, baridi ikianza, baada ya lile la zamani kukata roho. Aling'oa na tangi la maji lililokaa darini miaka yote, kwa kuwa maboila ya siku hizi hayahitaji tangi: maji yamefungiwa ndani ya mabomba, yanazunguka yaleyale kati ya boila na rejeta, yale mabapa ya chuma ya ukutani yanayotoa joto. Jumatatu hadi Jumamosi nyumba ilikuwa na joto kama mkate ulioiva. Jumapili asubuhi geji inayopima presha ya maji ilisoma sifuri, boila likagoma, na Bi Beryl akanywa chai akiwa amevaa koti la kwendea kanisani. Jumatatu Nigel alikuja, akajaza maji, likawaka. Jumapili iliyofuata, sifuri tena.

Wiki ya tano mambo yakawa mazito. Adrian, mwanawe Bi Beryl, ambaye hupiga simu kutoka Leeds kila Jumapili, alimsikia mama yake akitetemeka meno. Akamwambia kwamba lisipotengemaa kabla ya mwezi ujao kuisha, atakuja kumchukua. Chumba cha juu ya gereji kipo tayari, na nyumba itauzwa. Bi Beryl alikuwa ameishi humo miaka arobaini na tisa. Alimpasha Nigel habari hiyo huku akimmiminia chai, bila kumtazama.

"Chumba chenyewe nimekiona, mwanangu," alisema. "Kina zulia rangi ya uji."

Nigel hakulala vizuri siku hiyo, na si kwa sababu ya zulia tu. Alimpenda yule mama na keki yake ya tangawizi, na alijua kwamba mama akihamishwa, atakuwa amehamishwa na boila la Nigel Sugden.

Maji hayapotei hivihivi, lazima kuna mahali yanavuja. Akaanza msako. Alifunga mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa bomba la nje linalomwaga maji yanayozidi, ili anase hata tone moja, na Jumatatu akakuta ndani yake konokono, mkavu na mwenye hasira. Alibadilisha valvu. Alibadilisha chombo kinachopokea maji yanapotanuka, ingawa kile cha kwanza kilikuwa kizima kama yeye. Alifunua zulia la sebuleni, akang'oa mbao nne za sakafu, akalala kifudifudi sikio likiwa chini, akisikiliza. Jirani aliyepita dirishani alidhani ameanguka, akaita gari la wagonjwa, na wauguzi wawili wakaja, wakala keki. Chini ya mbao hakukuwa na unyevu. Palikuwa na jino la bandia la marehemu Gordon, mumewe Bi Beryl, lililopotea mwaka ambao Adrian alizaliwa.

Kila mara Nigel aliuliza swali lilelile: mama, umegusa boila? Na kila mara Bi Beryl alijibu kweli tupu, kwamba hajaligusa wala hathubutu, lile dude linamtia hofu na taa zake.

Ndipo fundi akatoa silaha yake ya mwisho, ambayo ni karatasi ya chooni. Alizungushia kila kiungo cha bomba na miguu ya rejeta zote tisa, kwa imani kwamba penye kuvuja karatasi italowa. Nyumba ikawa kama mtu aliyejikata akinyoa, akabandika vipande vya karatasi uso mzima. Alimwomba Bi Beryl asibandue hata kipande. Jumatatu aliporudi hakukuta karatasi hata moja. Bi Beryl alikuwa ameviokota vipande vyote na kuviviringisha upya, vizuri sana, na sasa vilikuwa chooni mahali pake.

"Si ulisema unakuja leo?" alishangaa Bi Beryl. "Sasa fundi anakuja, mimi nimwachie nyumba katika hali ile?"

Nigel alimwelewa. Mama yake mwenyewe aliwahi kupiga deki jiko kabla ya kuita zimamoto. Wanawake wa kule husafisha nyumba kwa ajili ya fundi kana kwamba anakuja kuposa, na mafundi huona ni heshima. Ila safari hii alianza kuwaza. Kama nyumba hupigwa pasi kabla ya kila Jumatatu yake, basi hajawahi kuiona nyumba hii. Kila Jumatatu huonyeshwa nyumba nyingine, iliyovaa nguo za kutokea.

Kwa hiyo Jumamosi saa nne asubuhi alikwenda bila kumwarifu mtu, akabisha, akaingia jikoni kwa kisingizio cha kuja kuchukua chupa yake ya chai. Hakukuwa na mtu. Kutoka ukumbini alisikia mtu anaimba polepole. Akachungulia.

Bi Beryl alikuwa amepiga magoti mbele ya rejeta, mkononi ana ufunguo mdogo wa shaba, mkono wa pili ameshika kikombe chenye picha ya pwani ya Scarborough. Alizungusha ufunguo kwenye skrubu ya rejeta, ikatema maji kikombeni mpaka kikajaa, akafunga. Akamwaga kwenye ndoo. Akaenda kwa rejeta inayofuata.

"Mama," Nigel alisema taratibu. "Unafanya nini?"

"Natoa upepo kwenye rejeta. Leo si Jumamosi?"

"Kila Jumamosi?"

"Gordon alifanya hivyo miaka arobaini. Kikombe hikihiki."

Nigel akaketi kwenye ngazi. Enzi za Gordon tangi la darini lilirudisha kila tone, hakuna aliyedhurika. Sasa tangi halipo, na vikombe tisa kila wiki vilitosha kuimaliza presha. Nani alilitoa tangi? Nigel. Nani hakusema neno? Nigel. Alimweleza yote, akijilaumu mwenyewe, akamwomba aache.

Bi Beryl aliufuta ufunguo kwa aproni. "Nilipoolewa nilidhani ni ujinga," alisema. "Anazunguka nyumba nzima akiimba, rejeta zinapiga *ssss*, mimi nikiwa kitandani najua chai inakuja. Tangu uweke hilo boila hazilii tena, zinatema mate tu. Lakini nikiacha kabisa, Nigel, Jumamosi sitajua niamkie nini."

Fundi aliinuka kutoka ngazini. Alijaza maji, akaenda zake, na Jumapili ile nyumba ikawa na joto. Wiki nzima baa hawakumsikia akisimulia chochote, wakadhani anaumwa.

Ijumaa alirudi amebeba rejeta kuukuu mgongoni. Aliifunga ukumbini, chini ya picha ya Gordon, bila kuiunga na bomba lolote. Chini yake alikuwa amechomelea valvu ya tairi la baiskeli. Akatoa pampu, akapiga upepo mpaka masharubu yakaloa jasho, kisha akampa Bi Beryl ishara. Bi Beryl akazungusha ufunguo. *Ssss*, ikalia, kwa muda mrefu. Akafunga haraka ili abakize upepo wa kesho.

"Jumamosi fungua hii tu, zile tisa ziache. Nitakuja kila Ijumaa kuijaza," Nigel alisema, akitazama viatu vyake. "Ni huduma ya kawaida."

Adrian hakuamini habari za simuni, akaja mwenyewe Jumapili ya pili na maboksi matupu garini. Kufika sebuleni alivua koti, kufika jikoni akavua sweta. Alipita ukumbini akigusa rejeta moja moja, mpaka akafika kwa ile ya chini ya picha.

"Mama, hii mbona baridi?"

"Iache hiyo," Bi Beryl alisema, akimwekea kipande cha keki. "Hiyo ndiyo inayoniweka hapa."