Majani ya Zambarau na Barua ya Pardon

Mwezi wa sita hapa Lubumbashi baridi inauma, na asubuhi unakuta pelouse nyingine, yale majani mafupi ya kupamba nyumba, zimegeuka zambarau, rangi ya divai ya misa. Watu wanapita wanasema maskini, majani yameungua. Mimi nikiyaona damu inanichemka, nasonya, naenda zangu.

Papa, baba yangu mzazi, alitunza pelouse ya nyumba moja ya watu wenye mali miaka kumi na mmoja. Nyumba ikauzwa. Patron mpya, yule tajiri aliyeinunua, baridi yake ya kwanza pale, akaona nusu ya pelouse zambarau, nusu kijani. Katika mji huu kila kitu kikiharibika tunasema ni asidi ya migodi, hata mchicha ukinyauka. Patron akasema papa amemwaga asidi, kwa chuki tu. Akampa demande, ile karatasi ya kukutaka ujieleze kabla ya siku mbili kwisha.

Papa hajui kuandika Kifaransa. Akaniita mimi, binti yake niliyemaliza sekondari.

"Andika: hii majani iko vile tangu kuzaliwa yake. Baridi ikikuja inageuka, kiisha inarudia. Ile ya nyuma ya nyumba iko kabila ingine, haigeukake."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka! "Papa, patron atasema unamuchezea. Tuombe pardon tu, atusamehe."

Ndivyo tulivyolelewa. Babu alifika pensheni mgodini kwa kuomba pardon: ukipewa demande hubishi, unakubali kosa hata kama si lako, wakubwa wanapoa, kazi inabaki. Basi nikaandika kwa Kifaransa changu kizuri, na adabu zote, kwamba papa alikosea akamwaga dawa mbaya, na hatarudia. Papa akatia sahihi. Kesho yake akafukuzwa, na sababu waliyoandika ni barua yangu.

Mwaka uliofuata niliingia chuo kikuu, agronomia. Siku moja mwalimu akatufundisha kwamba majani ya pelouse yana koo mbalimbali, na kila ukoo unarithi jeni zake, yaani maagizo yanayosema mmea uwe vipi. Koo zingine zina jeni za kutengeneza rangi ya zambarau, na baridi ndiyo inayoziamsha. Zingine hata zipigwe na baridi namna gani, kimya. Mamaa! Mambo ya papa yale yale, na mimi nilikuwa nimeyacheka.

Kabla ya baridi, majani yote yakiwa bado kijani, nikaenda kung'oa vipande viwili pale yanapotokea chini ya ua wa patron, kimoja upande wa geti, kimoja upande wa nyuma. Nikavipanda katika makopo mawili ya maziwa, udongo uleule wa kwetu Katuba, maji yaleyale. Mwezi wa sita kopo la geti likageuka zambarau. La nyuma likabaki kijani.

Nikayabeba mpaka kwa patron. Nilitaka kitu kimoja tu, papa arudishiwe kazi yake. Patron alinisikiliza, hilo siwezi kumnyima, na makopo akayatazama vizuri.

"Naamini," akasema. "Lakini papa yako alikubali kosa mwenyewe. Nani aliandika ile barua?"

"Ni mimi."

"Basi muntu mwenye alinidanganya ni weye." Akafunga geti.

Shenzi! Nilimtukana njia nzima, watu wakageuka kunitazama. Nilimtukana mpaka matusi yakaniishia, maana alichosema kilikuwa kweli, na hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Nyumbani papa alikuwa ameketi mlangoni. Nikaanza kumwelezea haraka haraka, jeni, koo, baridi, kwamba patron ameamini, kwamba hakuna tena mtu wa kusema alimwaga asidi. Aliniacha nimalize.

"Ile ya majani nilikuambiaka, mwanangu," akasema. "Mi nauliza ya kazi."