Usiku wa Ijumaa wa Mjomba Jumanne

Mjomba wangu Jumanne Matano ni mtu wa viwili viwili. Akienda Kilindoni, mjini kwetu Mafia, kununua kanga, hununua doti mbili za rangi moja na maandishi mamoja, kwa sababu mwaka mmoja alileta maandishi tofauti na kila mke akadhani yake ni fumbo. Akipata samaki changu wanne, wawili hubaki Utende na wawili huenda Kiegeani. Akipata mmoja tu, humpa jirani.

Utende anaishi Bi Kidawa, mke mkubwa, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi. Kiegeani anaishi Bi Warda, mke mdogo, mwenye shamba la mihogo, kuku wengi na ulimi mkali. Kati ya nyumba hizo mbili kuna Mjomba na baiskeli yake. Usiku mbili huku, usiku mbili kule, miaka kumi na minne sasa, na hesabu yote ameiweka kichwani. Aliwahi kuugua homa Utende, na zamu ya Kiegeani ilipofika akaomba apakiwe kwenye pikipiki huku anatetemeka. Watu wakamwambia apumzike kwanza. Akajibu kwamba hata mgonjwa ana zamu.

Alianza maisha kwa kuvua. Hifadhi ya Bahari ilipoanzishwa na maji yakagawanywa kwa kanda, alikuwa kijana, naye alisimama kwenye mikutano akagomba kwa sauti kuliko wengi. Baadaye aliweka nyavu pembeni, akawa nahodha wa kuwapeleka wageni kutazama matumbawe. Kwa miaka kumi na sita amekuwa akiwachukua asubuhi kwenye gati la Hoteli ya Nanga, pale Ghuba ya Chole, na kuwarudisha jioni. Anawashika mkono mpaka wakanyage ngazi, kisha anageuza chombo. Zaidi ya ngazi zile hakuwahi kupanda.

Hoteli hiyo iliwawekea manahodha kadi. Kila mgeni akirudi salama na ameridhika, nahodha anaongezewa pointi. Kadi imeandikwa “Pointi za Uaminifu”, na manahodha waliochelewa kuipata walimtania Mjomba mwezi mzima: “Haya, mwaminifu huyo anapita! Sisi wengine wezi!” Yeye aliiweka kadi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kitambulisho cha taifa, akaisahau.

Mimi niliiona Februari ya mwaka 2019. Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam na kurudi nyumbani nikiwa na mambo mengi kifuani. Mjomba alinipa kadi nimsomee, maana alikuwa ameambiwa pointi zitafutwa mwisho wa Machi. Nikaingia kwenye tovuti yao. Zawadi zilikuwa fulana, kofia, birika la umeme, au, kwa mwenye pointi kama zake, usiku mbili za watu wawili katika chumba kinachotazama bahari, pamoja na chakula.

“Nichukulie birika,” alisema Mjomba. “Hapana. Moja litaleta ugomvi. Kuna mawili?”

“Mjomba, achana na birika! Bahari hii ni yenu. Wewe ndiye unayewaonyesha kasa yuko wapi na papa potwe yuko wapi. Wao wanalala pale, wewe unarudi na ndoo. Mara hii utalala wewe.”

Niliyaamini niliyosema, na nayaamini mpaka leo. Mtu anayefanya mahali papendeze ana haki ya kupakalia.

Mjomba akachora mchangani kwa kidole. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Hivyo vyumba vya juu, mtu akikaa barazani anaiona Tuliza?”

Tuliza ni jina la boti yake. Nikamwambia ataiona bila shaka.

“Ningependa kuiona wanavyoiona wao,” alisema. Hapo nikajua ameshakubali. Kilichobaki ni wake wawili na nafasi moja.

Yeye mwenyewe alipata jawabu. Tungechagua usiku mbili ambapo zamu inabadilika, usiku wa kwanza uwe wa mwisho wa Bi Kidawa, na wa pili uwe wa kwanza wa Bi Warda. Kila mmoja alale hotelini kwa zamu yake halali, na asiwepo aliyepunguziwa. Alihesabu kwa vidole, akaniambia: “Andika usiku wa Jumatano na usiku wa Alhamisi, katikati ya Machi.”

Kwenye mapokezi ya Nanga alikuwepo Blessing, binti wa Mbeya, mcheshi. Nilimweleza habari nzima, akacheka mpaka akafuta macho.

“Kompyuta inataka jina la mgeni wa pili, tena jina moja,” alisema. “Nitaandika ‘Mke wa Jumanne Matano’. Kuna uongo hapo?”

“Hakuna.”

“Basi. Lakini vyumba vya pointi ni vichache, na ukishathibitisha haibadilishwi.”

Nikathibitisha. Jumatano usiku, Alhamisi usiku, kuondoka Ijumaa asubuhi. Nikatoka nimevimba kichwa.

Siku tatu baadaye nilikuwa uani kwa Bi Kidawa. Alikuwa amelianika gauni lake la sikukuu, ingawa sikukuu ilikuwa mbali. Mjomba alikuwa akishona tanga la kukinga jua kwenye boti.

“Kwa hiyo tunaingia lini?” Bi Kidawa aliuliza.

“Jumanne alasiri,” alisema Mjomba. “Usiku tuupokee tukiwa ndani.”

“Jumatano, Mjomba,” nikamsahihisha.

Sindano ikasimama. “Nilikwambia usiku wa Jumatano.”

“Ndiyo. Jumatano usiku, nimeandika.”

Waliniangalia wote wawili jinsi mtu anavyomwangalia mtoto aliyevunja mtungi na bado hajajua. Kisha nikajua. Kwetu usiku hutangulia mchana wake. Jua likizama Jumanne, usiku unaoingia ni wa Jumatano. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Lakini miaka minne ya ratiba za chuo, ambako tarehe hubadilika saa sita usiku, ilitosha kunisahaulisha. Nilikuwa nimesogeza safari yote usiku mmoja mbele, na usiku zote mbili zilikuwa za Bi Warda.

“Na mmoja wenyewe ni usiku wa Ijumaa,” alisema Bi Kidawa. Aliinuka, akalianua gauni likiwa bado na maji, akaingia nalo ndani.

Nilikimbia mpaka Nanga. Blessing alitafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena. Siku ya Jumanne hapakuwa na chumba, na wiki zilizobaki mpaka mwisho wa Machi zilikuwa zimechukuliwa na kundi la wazamiaji. Ilikuwa tarehe zile au pointi zife.

Mjomba alisikiliza bila kukasirika, na hilo likaniumiza zaidi.

“Basi ziache zife,” alisema.

“Mjomba! Miaka yote hii! Nenda na Bi Warda, halafu Bi Kidawa utamfidia.”

“Nitamfidia kwa nini? Nina hoteli nyingine? Wakilala wote nitakwenda. Akilala mmoja, siendi.”

“Basi mwombe Bi Warda amwachie mwenzake usiku mmoja. Usiku wenyewe ni wako.”

“Mimi sina usiku, Ussi. Usiku ni wao. Na mume akiomba, mke atasema hapana kwa mdomo upi? Hilo siliombi.” Akakata uzi kwa meno. “Wewe ndiye uliyekosea. Sikutumi, wala sikuzuii.”

Nikachukua baiskeli yake nikaenda Kiegeani.

Bi Warda alikuwa amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi.

“Shikamoo, Bi Warda.”

“Marahaba, msomi wetu. Umekuja kunigawia usiku?”

Nikashtuka. “Nani amekwambia?”

“Mafia hii? Mwenye duka la Utende kamwambia mwenye pikipiki, mwenye pikipiki kanipitia. Nasikia shahada yako haina magharibi.”

Nikaomba radhi. Nikamweleza kwamba Mjomba hakunituma, kwamba ameamua kutokwenda kabisa, na kwamba pointi zitakufa na kosa ni langu. Yeye aliendelea kukuna, sijui nazi ya ngapi.

“Kwa hiyo unataka nitoe usiku wa Ijumaa,” alisema. “Usiku mkubwa kuliko zote za wiki. Nikupe na kuku?”

“Hapana, Bi Warda.”

“Kuku ndio shida yenyewe. Usiku wa kwanza nitalala vizuri. Wa pili nitakuwa kwenye godoro la Wazungu nikiwaza kama banda limefungwa.” Akapangusa mikono. “Yeye kasemaje kweli? Kwamba haendi?”

“Kasema akilala mmoja, haendi.”

Alitazama kifuu kilichokuwa mkononi mwake, akakiweka chini. “Huyo bwana...” alisema. Akajifunga buibui. “Nipakie. Na usinipitishe kwenye mashimo.”

Katika miaka yote ile sikuwahi kumwona Bi Warda nyumbani kwa Bi Kidawa isipokuwa kwenye msiba au arusi. Alibisha hodi, akakaribishwa mkeka, akapewa maji. Mjomba alipoona hivyo aliinuka akatoka, akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa makuti, ambapo kila mtu alijua anasikia.

“Dada, usiku wa Ijumaa chukua wewe,” alisema Bi Warda.

“Sitaki sadaka ya usiku.”

“Nani katoa sadaka? Tubadilishane. Wewe chukua wa Ijumaa, mimi nipe wako wa Jumamosi.”

Bi Kidawa alifikiri. “Wa Ijumaa kwa wa Jumamosi? Utapunjika.”

“Nipunjike mimi, wewe inakuuma wapi?”

“Inaniuma. Kesho utasema kwa watu.”

“Nitasema, ndiyo! Nitasema nilimpa mwenzangu usiku, akanibishia mpaka adhana.”

Bi Kidawa akajizuia kucheka, ikamshinda kidogo. “Basi nakuongezea. Msomi, hapo katikati wanakula mara ngapi?”

“Mara tatu kwa siku, Bi Kidawa.”

“Chakula cha mchana cha Alhamisi akile yeye. Mimi nitaingia saa tisa, yeye akishamaliza.”

“Na cha asubuhi ya Ijumaa utakula wewe,” alisema Bi Warda. “Hapo mimi cha mchana, wewe cha asubuhi. Cha mchana ni kikubwa.”

“Ndiyo maana nimekuongezea. Au unataka kunirudishia?”

“Sirudishi.”

Nilikuwa nimekaa pale na vitabu vyote nilivyosoma juu ya haki, nikiwasikiliza wanawake wawili wakivutana, kila mmoja akikataa kumzidi mwenzake. Nilichofanya ni kuandika saa kwenye karatasi, na safari hii kila mstari nilimsomea Bi Kidawa kwa sauti: “Jumatano alasiri, kabla ya magharibi ya usiku wa Alhamisi.” Akatikisa kichwa kwamba sawa.

“Bwana!” aliita Bi Warda. “Njoo, tumeshamaliza.”

Mjomba akatokeza. “Na mimi sikuulizwa?”

“Una usiku gani wa kuulizwa?” alisema Bi Kidawa.

Jumatano Mjomba alipanda ngazi za Nanga amevaa kanzu, Bi Warda nyuma yake. Manahodha wenzake walisimama kwenye boti zao wakapiga makofi, na mmoja akapuliza honi. Blessing aliwapokea kwa madafu na kitambaa chenye ubaridi. Mjomba akadhani kitambaa ni zawadi, akakikunja akakitia mfukoni, kisha akauliza kama kuna kingine. Blessing akamletea.

Nilipompitia asubuhi ya Alhamisi nilimkuta barazani juu, mikono juu ya mbao, anaitazama Tuliza ikiyumba mbele ya Kisiwa cha Chole. Nilitegemea aseme neno la kuniridhisha, juu ya bahari yetu na haki yetu.

“Kumbe rangi ya ubavuni imechakaa hivi,” alisema. “Na wageni wananyamaza tu. Watu wa adabu sana.”

Bi Warda alikula chakula cha mchana taratibu, kila sahani, akauliza majina ya vyote. Saa tisa Bi Kidawa akafika na gauni lake la sikukuu. Walikutana mlangoni mwa chumba. Bi Warda alimkabidhi ufunguo, akamwonyesha bomba la maji ya moto linavyofunguliwa kwa kwenda kinyume, akamwambia mto wa bluu ni mgumu, achague mweupe. Halafu akashuka. Nilimpakia mpaka Kiegeani, na njia nzima hakunitania hata mara moja, ila alipofika alikwenda moja kwa moja kuhesabu kuku.

Ijumaa Mjomba na Bi Kidawa walikunywa chai wakaaga. Mjomba alikwenda msikitini. Baada ya alasiri alirudi nyumbani Utende, akabadilisha nguo, akafunga samaki wawili kwenye kikapu, akawaacha wawili jikoni. Jua lilikuwa limeshuka kwenye minazi aliponipitia kwetu, baiskeli mkononi.

“Ussi,” aliita kutoka barabarani. “Leo magharibi ikiingia, unaingia usiku wa nini?”

“Wa Jumamosi, Mjomba.”

“Na ni wa nani?”

“Wa Bi Warda. Walibadilishana.”

Alinitazama kidogo kuhakikisha kwamba sibahatishi. Kisha akapanda baiskeli, akashika njia ya Kiegeani.