Dawa ya Virusi kutoka Mbeya

Sisi mafundi tulijiita mtandao, ingawa intaneti yenyewe Sumbawanga ilikuja na kukatika ilivyotaka. Wenzangu walikuwa Mbeya na Tunduma, kila mmoja na kiduka chake cha kulinda kompyuta za watu. Wa Mbeya ndiye aliyepata mapema programu mpya za kuua virusi. Alizichoma kwenye sidii, akamkabidhi kondakta wa basi, nami nikazipokea stendi. Bila yeye ningefunga duka.

Programu hizo tuliziita dawa, na ndivyo alivyoandika juu ya bahasha. Kondakta, ambaye kunyamaza hakukujua, aliita stendi nzima isikie: "Dawa ya virusi kutoka Mbeya, mwenyewe yuko wapi?"

Mwenyewe mimi, mjane. Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, amekonda mpaka nikawa nambeba peke yangu kumtoa nje uani aote jua. Watu walisema malaria, nami nikaitikia malaria. Sikwenda kupima. Sikuogopa, sikulia, hata njaa sikuisikia. Nilifungua duka, nikasafisha mashine za ofisi za watu, nikafunga. Ilikuwa kama ganzi ya kung'olewa jino, ila mwili mzima.

Asubuhi moja akaingia mama mtu mzima, amemshika mkono binti yake aliyejifunika kitenge mpaka kidevuni. Walikuwa wametoka Wampembe kwa lori.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumesikia dawa ya virusi inashukia kwako."

Nikamweleza kwamba ni virusi vya kompyuta. Nikawasha na mashine, nimwonyeshe. Akatazama kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Sawa," akasema. "Sasa ile ya watu iko wapi?"

Nikampigia mwenzangu wa Mbeya. Alicheka kwanza, kisha akaniuliza hali ya binti. Kumbe alikuwa akitengeneza kompyuta za kliniki moja huko, na dawa zilikuwa zimeanza kutolewa bure, ila mtu apime kwanza.

"Walete mwenyewe," akasema. "Hao huwezi kumpa kondakta."

Nikafunga duka, tukapanda basi. Tunduma mwenzetu mwingine alitusubiri na chai na chapati, akatupitishia dirishani. Nilikula kwa sababu nilipewa. Binti alilala begani kwangu njia yote, mwepesi kama mume wangu siku zile, na mama yake hakuniuliza mume huyo alikufa kwa ugonjwa gani. Nilitamani aniulize, nipate kusema malaria.

Kliniki, mwenzangu wa Mbeya akatufikisha kwa muuguzi, akarudi nje.

"Anayepima ni nani?" muuguzi akauliza.

Mama akamsogeza binti mbele. Binti hakukaa. Akanigeukia mimi, mara ya kwanza tangu Sumbawanga kusikia sauti yake.

"Dada, na wewe unayeshika virusi kila siku, hujawahi kupima?"

Bado aliamini ni virusi vilevile. Mama yake akamkanya kwa jicho. Ningeweza kumweleza tena habari za kompyuta, na maneno yote nilikuwa nayo.

"Sijawahi," nikasema. "Niandike na mimi."

Nikavuta kiti nikae, kikagonga meza mara mbili. Ndipo nilipojua kwamba naogopa.