Fundo Lililokataa Kuhama

Naapa mbele ya miwani yangu yote miwili, ya kusomea na ya kutembelea, kwamba habari hii ni kweli tupu na sijaitia chumvi hata chembe.

Saa tatu kasorobo asubuhi, chumba cha nyuma cha duka la magauni ya harusi. Mfuma lesi wa miaka sitini na mmoja, ambaye wateja humwita Bi Pete, anasugua vidole vya mkono wa kushoto kama mtu anayewasha kiberiti kilicholowa. Mbele yake kuna benchi tupu. Muda si mrefu litakaliwa na wanafunzi saba ambao hawajawahi kufuma chochote.

Bi Pete hatumii sindano. Ana kijiti bapa chenye uzi tumboni. Yeye anakiita mtumbwi. Anazungusha uzi kwenye vidole vya kushoto, anapitisha mtumbwi chini, kisha juu, na fundo linazaliwa. Vifundo ishirini vikivutwa vinakuwa pete. Pete nne zikishikana ni ua dogo la kushona kwenye shela.

"Siri yote ni fundo kuhama," anaeleza. "Linafungwa na uzi wa mtumbwi, lakini lazima lihamie uzi wa mkononi. Lisipohama, pete haifungi. Hata ulie. Ni mkasi tu."

Kwa miaka thelathini na minne amekuwa akilisikia likihama, kwa ncha ya kidole. Hufuma maua arobaini kwa wiki, na hayo ndiyo yaliyowasomesha wajukuu wawili.

Anashusha sauti. Kwa miezi miwili sasa, vidole viwili vimekufa ganzi, na hajamwambia mtu. Leo mwenye duka anakuja kutazama somo la kwanza. Akiridhika, darasa litakuwa la kudumu. Asiporidhika, ataagiza lesi ya mashine.

"Naogopa, kaka," anasema. "Siku hizi hata kikombe nakishika huku nakitazama, nisije nikakiachia."

Hapo mdomo wangu ukaniwasha. Mimi mstaafu niliyekwenda kumhoji tu niandike habari zake, nikamwambia nimekulia kwenye lesi. Marehemu mama alifuma kitambaa cha meza cha futi kumi na mbili. Fundo lililohama nalitambua hata likiwa kwa jirani.

"Basi kaa karibu yangu," akasema. "Nikikutazama, niambie limehama au bado."

Wanafunzi wakaingia. Mwenye duka akasimama mlangoni, mikono kifuani.

Fundo la kwanza. Bi Pete akanitupia jicho.

"Limehama," nikasema.

La pili. "Limehama." Kusema kweli nilikuwa naona uzi mweupe juu ya uzi mweupe, basi. Lakini sauti ilikuwa ya mjuzi, na wanafunzi wakaanza kuitikia nami.

La ishirini likaisha. Akavuta. Pete ikafika nusu, ikagoma. Akavuta tena. Jasho likamtoka puani. Mwanafunzi mmoja akacheka kidogo, akaacha.

"Mama, kuna nini?" mwenye duka akauliza.

Bi Pete akanigeukia taratibu. "Kaka, mama yako alikuwa anafuma nini vile?"

"Alikuwa anauza nyanya," nikasema.

Akachukua mkasi, akakata. Akawaambia wote: "Vidole vyangu viwili havisikii. Nimeficha, halafu nikamwamini mwongo."

Akaomba uzi mnene. Safari hii, baada ya kila fundo, alilisukuma kwa kidole gumba cha kulia, wote wakiona. "Likiteleza, limehama. Msinisikilize mimi wala huyu. Lisukumeni."

Ilimchukua robo saa kufanya kazi ya dakika mbili. Lakini pete ilifunga.

"Darasa nakupa hadi mwisho wa mwezi, Mama," mwenye duka akasema. "Ila hospitali uende kwanza."

Bi Pete hakutabasamu. Hospitali ndiyo aliyokuwa anaikimbia.

Ataenda Alhamisi. "Wakiniambia vidole ndiyo basi tena, nataka hawa saba wawe wanafunga pete bila mimi," anasema. "Wao watafuma, mimi nitasukuma vifundo na kuwagombeza."

Mimi nimehukumiwa kumsindikiza. Nilijitetea kwamba nina baridi yabisi.

"Utabeba mkoba," akasema. "Na kwa daktari nitaongea mwenyewe. Ukifungua mdomo, nakushona."

Alhamisi, saa moja asubuhi, nitakuwa mlangoni kwake, kimya.